Ukigonga Mkeka, Naachia

 

Leo nina barua ya dada mmoja wa Ilala, mfanyakazi wa benki, ambaye jina lake nabaki nalo mwenyewe. Mchumba wake ni askari polisi. Kwa maelezo yake kaka wa watu ni mpole, hanywi, na simu akipigiwa anapokea. Tatizo ni moja: ameanza kwenda kwenye mazoezi ya aikido mara mbili kwa wiki, na dada yetu sasa analala jicho moja wazi. Anauliza, mtu anayefundishwa kupinda mikono ya watu, siku wakikorofishana ndani ya nyumba itakuwaje?

Shoga yangu mmoja hapa ofisini alipoisoma barua ile alicheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka. Hilo ni swali la haki kabisa, na wanaume wanaosoma ukurasa huu wasijisikie vibaya. Tena limenigusa kwa namna yake, maana kabla sijajaliwa mtoto niliwahi kufanya mazoezi hayo kwa karibu miaka miwili, na mwenzangu wa mazoezi alikuwa askari wa usalama barabarani. Kwa hiyo nitajibu. Ila jibu langu linazunguka kidogo, linapita Tokyo na Okinawa kabla ya kushuka Mtaa wa Zanaki na kuishia Kariakoo. Vuta kiti, mimina chai.

Tuanze na chenyewe. Aikido ni mchezo wa kujihami uliotengenezwa na Mjapani Morihei Ueshiba, aliyezaliwa mwaka 1883 katika mji wa Tanabe na kufariki mwaka 1969. Alijifunza mbinu za zamani za mieleka na panga, kisha akazichanganya na imani yake mwenyewe, mpaka kikatoka kitu ambacho hakifanani sana na karate unayoijua kwenye sinema. Ngumi na mateke si shughuli yake kubwa. Mtu anakujia, wewe hugongani naye. Unajitoa kwenye njia yake, unaungana na mwendo wake, unashika kifundo cha mkono au kiwiko, unamzungusha, na yeye anajikuta chini akishangaa nani kamsukuma. Katika matawi mengi ya aikido hakuna hata mashindano. Hakuna medali wala kombe, hakuna kubebwa mabegani.

Sasa sikiliza jambo ambalo ndilo mzizi wa hadithi yote ya leo. Aikido haifanyiki peke yako. Mnakuwa wawili wawili. Mmoja anashambulia, mwingine anafanya mbinu, halafu mnabadilishana. Yule anayeangushwa anaitwa uke, na si mshenga wa mtu: kazi yake ni nusu nzima ya somo. Anakupa mkono wake uupinde. Anakuazima mwili wake ujifunzie. Maumivu yakifika mwisho, au akiona kiungo kitavunjika, anagonga mkeka kwa kiganja, pa pa. Ukisikia pa pa, unaachia papo hapo. Hakuna kumalizia. Hakuna "subiri kidogo nione kama nimepatia." Mtu asiyeachia mwenzake anapogonga, wiki ijayo hatapata wa kushikana naye. Watu watamkwepa kama mdaiwa anavyomkwepa mwenye duka.

Somo la kwanza kabisa, kabla hujafundishwa kumwangusha mtu yeyote, ni kuanguka. Wiki nzima unajifunza kubiringika kwa bega, kupiga mkeka kwa mkono ili mgongo usipate mshtuko, kuinuka. Mimi niliona kama natupiwa hela yangu. Baadaye nikaelewa kwamba mtu aliyeangushwa mara mia mbili anamwangusha mwenzake kwa adabu nyingine.

Haya, sasa polisi waliingiaje?

Ueshiba alikuwa na mwanafunzi mmoja mfupi, kimo chake hakikufika hata mita 1.60, mwembamba kama fito, jina lake Gozo Shioda. Alizaliwa mwaka 1915 na akaanza kujifunza kwa Ueshiba mwaka 1932 akiwa bado kijana. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha Japani ilikuwa majivu na njaa, na majeshi ya Marekani yaliyoikalia nchi hayakutaka kusikia habari za michezo ya kivita. Ilichukua miaka mpaka mambo yakaanza kulegea. Mwaka 1954 yalifanyika maonyesho makubwa ya michezo ya asili jijini Tokyo, na yule mfupi akawashangaza watu. Mwaka uliofuata, 1955, kwa msaada wa wafanyabiashara, alifungua ukumbi wake mwenyewe, Yoshinkan.

Polisi wa Tokyo wakamwona. Walikuwa na tatizo ambalo polisi wote duniani wanalo: mtu hajakosa kiasi cha kupigwa risasi, lakini pia haji kituoni kwa kubembelezwa. Katikati ya maneno na bunduki kuna nafasi kubwa, na askari asiyejua la kufanya ndani ya nafasi hiyo hufanya la kwanza linalomjia, yaani rungu. Tangu mwaka 1957 kikosi cha kutuliza ghasia cha Tokyo, ambacho sisi tungesema FFU yao, kimekuwa kikipeleka askari Yoshinkan kwa kozi ya miezi mingi mfululizo. Polisi wanawake wa jiji hilo nao wamekuwa wakifundishwa aikido. Na sehemu ninayoipenda mimi ni hii: ukumbi ule haukugeuzwa kambi. Makarani, wanafunzi wa chuo, wazee waliostaafu, wake za watu, wote waliendelea kuingia kwa mlango uleule. Mwaka 1991 kozi ngumu ya mfumo ule wa polisi ikafunguliwa pia kwa wageni kutoka nje ya Japani. Mwingereza mmoja, Robert Twigger, aliyekuwa akiishi Tokyo, aliingia kozi hiyo na mwaka 1997 akatoa kitabu chake, Angry White Pyjamas, kuhusu mwaka ule wa magoti kuchubuka na jasho. Ukikipata kisome, kinachekesha na kinatisha.

Hebu fikiria picha yenyewe. Afande wa kutuliza ghasia, mtu wa kilo tisini, anampa mkono mwalimu wa shule ya msingi. Mwalimu anaupinda. Afande anagonga mkeka. Mwalimu anaachia. Kisha zamu inageuka. Kwa mwezi mmoja huyo afande amesema "inatosha" mara nyingi kuliko alivyowahi kusema maishani mwake, na kila mara raia amemsikia.

Sitaki nikudanganye kwamba kila kitu kilikuwa asali. Shioda mwenyewe hakuwa mtakatifu. Katika simulizi zake hakuficha kwamba ujana wake aliupitisha akijaribu mbinu zake mitaani kwa watu waliomchokoza, na wakati mwingine nadhani yeye ndiye aliyekuwa akichokozeka kwa makusudi. Na askari wa Tokyo, pamoja na mikeka yao, tarehe 15 Juni 1960 walipambana na waandamanaji kwenye viwanja vya Bunge, na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tokyo, Michiko Kanba, akapoteza maisha. Watu waliandamana wakilia. Mafunzo ya kushika mkono hayamgeuzi askari kuwa malaika, hasa akiwa kwenye mstari, ana kofia ngumu, na amri inatoka nyuma yake. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho, na nitakifikia.

Twende Okinawa kwanza, kwa sababu huko ndiko kuna uzi unaofika mpaka kwetu.

Okinawa ni visiwa vya kusini mwa Japani, ndiko nyumbani kwa karate. Alikuwepo mwalimu aitwaye Chojun Miyagi, aliyezaliwa mwaka 1888 katika mji wa Naha. Mtindo wake unaitwa Goju-ryu. Go maana yake ni ngumu, ju ni laini. Ngumu-laini, jina ambalo naona lingefaa ndoa nyingi hapa mjini. Mwanafunzi aliyetarajiwa kumrithi, Jin'an Shinzato, alikuwa askari polisi. Mwaka 1945 vita vilipiga Okinawa kwa miezi mitatu, watu zaidi ya laki mbili wakafa, wengi wao raia wa kawaida, na Shinzato akawa mmoja wa waliokufa. Miyagi akabaki mzee asiye na mrithi katika mji uliosawazishwa na mabomu.

Mwaka 1946 akaanza kufundisha karate katika chuo cha polisi cha Okinawa. Palepale watu wa kawaida walikuwa wakimfuata nyumbani Naha, akawafundisha uani kwake, chini ya anga. Asubuhi askari, jioni vijana wa mtaa. Alipofariki mwaka 1953, mmoja wa wanafunzi wake, Eiichi Miyazato, naye askari polisi, aliendelea kufundisha polisi wenzake, kisha mwaka 1957 akafungua ukumbi wake pale Naha kwa ajili ya umma. Aliuita Jundokan. Umeuona mwaka huo? Ni uleule ambao Tokyo walianza kupeleka askari wao Yoshinkan. Sehemu mbili, walimu wawili, mchezo tofauti, na shida ileile ya nchi iliyotoka vitani: raia wanawaogopa wenye sare, na wenye sare wanawaogopa raia.

Sasa tushuke Dar.

Mwaka 1973 Mmarekani mweusi aitwaye Nantambu Camara Bomani alianzisha hapa mjini ukumbi wa Goju-ryu, mtindo uleule wa Miyagi. Wengi wanaujua kwa jina la mahali, Zanaki. Jina lake lingine ni zuri zaidi: Hekalu la Kujilinda. Kama ulizaliwa miaka ya themanini kama mimi, hebu muulize mjomba au baba mdogo aliyekulia mjini. Ukitaja Zanaki atanyoosha mgongo kidogo, hata kama tumbo limeshamtangulia.

Ilikuwa zama za aina yake. Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilikuwa kimbilio la Waafrika wa Marekani waliochoshwa na kwao, na mwaka 1974 Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika lilifanyika hapahapa Dar es Salaam, Chuo Kikuu. Mwaka 1973 huohuo ndio Bruce Lee alifariki na filamu yake kubwa ikatoka. Vijana walioona filamu za kichina pale Empire, Avalon na Odeon walitoka sinema wakirushiana mateke njia nzima mpaka Kariakoo. Ukumbi wa Zanaki uliwachukua vijana wa namna hiyo ukawafundisha kitu ambacho sinema haikuonyesha: kuinama kabla ya kuanza, kunyamaza, kurudia jambo moja mara mia, na kusimamisha ngumi kabla haijafika puani kwa mwenzako. Waliopita pale wametawanyika, wengine wanafundisha hapa nchini, wengine nchi za nje. Na ng'ambo ya maji, Zanzibar, Mjapani Tsuyoshi Shimaoka amefundisha judo kwa miaka mingi, na huko pia godoro limekutanisha watu ambao mtaani wasingesalimiana.

Nilipenda kuitaja Zanaki kwa sababu moja. Kutoka pale mpaka Kariakoo ni mwendo wa miguu. Unakata Morogoro Road, unapita Mnazi Mmoja, unavuka Lumumba, umeingia. Ni dakika ishirini ukitembea kama mtu mwenye njaa. Lakini kwa habari ya namna mtu anavyomshika mtu, ni kama umevuka bahari.

Ukifanya kazi mjini unajua ninachosema. Mtaa wa Kongo saa kumi jioni: simu imechomolewa kwenye pochi, mama kapiga yowe, kijana anakimbia. Neno ni moja tu, "Mwizi!" Hakuna anayeuliza mwizi wa nini, wala kama ndiye. Mkono wa kwanza unamdaka, wa pili unampiga, na baada ya hapo mikono haina idadi. Nimeona mwaka fulani, karibu na Msimbazi, kijana aliyekuwa chini akipiga lami kwa kiganja. Alikuwa anagonga. Mwili wa binadamu unaijua ishara ile bila kwenda dojo. Hakuna aliyemsikia, mpaka walipofika askari wawili wa miguu. Mmoja, mtu mzima wa makamo, hakupiga mtu. Alimlalia yule kijana. Alimfunika kwa mwili wake na sare yake, mateke mawili matatu yakampata yeye, na mwenzake akapiga filimbi mpaka watu wakarudi nyuma. Sijui jina lake wala sijawahi kumwona tena. Alijifunza wapi? Chuo cha Polisi Moshi, kanisani, msikitini, kwa mama yake? Sijui. Alijifunza mahali.

Na upande wa pili tunaujua vilevile. Mgambo na machinga, meza inapinduliwa, maembe yanaviringika barabarani, mama anaburutwa kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika mtoto. Mwezi Januari 2006 jiji zima lilisimama kusikia kwamba wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge pamoja na dereva teksi, waliokamatwa na polisi wakiitwa majambazi, wameuawa katika msitu wa Pande. Rais aliunda tume ya jaji, na kesi ile ilichukua zaidi ya miaka kumi mahakamani. Watu wale walikuwa wameshakamatwa. Hapakuwa na wa kukimbizana naye tena.

Sheria yetu haina utata. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inakataza kutumia nguvu zaidi ya inayohitajika kumkamata mtu, na inakataza kumdhalilisha kuliko inavyolazimu. Katiba nayo, ibara ya 13, inakataza mtu kuteswa au kuadhibiwa kinyama. Maneno hayo yameandikwa vizuri na yamepigwa chapa. Lakini sheria inakaa kichwani, na kwenye purukushani kichwa ndicho kinachotangulia kukimbia. Kinachobaki ni mikono. Mikono inafanya ilichozoea.

Ndiyo maana lilipokuja suala la polisi jamii, wakati Said Mwema alipokuwa Inspekta Jenerali tangu 2006, mimi nilifurahi lakini nikahisi kuna kitu kimepungua. Tulifanya mikutano, tukaunda ulinzi shirikishi, viongozi wa mitaa wakapiga picha na maofisa. Tulikaa kwenye viti vya plastiki tukiongea. Hakuna aliyemshika mwenzake mkono zaidi ya kusalimiana. Naomba niwe mjinga dakika moja: ukumbi mmoja tu jirani na Kariakoo, mikeka, jioni tatu kwa wiki, askari wa Msimbazi na wauza vitenge, na mgambo pia wasiachwe nje. Bei ya mikeka haizidi bei ya semina moja ya siku tatu yenye posho na soda.

Nasema hivyo kwa sababu ya yule afande wangu wa barabarani.

Ukumbi wenyewe ulikuwa chumba cha juu katikati ya mji, feni moja inazunguka nyingine imeshastaafu. Sikuchagua kupangwa naye. Mimi nilikuwa na kinyongo changu na watu wa sare nyeupe, kama dereva yeyote wa Dar, na yeye, baadaye aliniambia, alikuwa anaogopa waandishi wa habari. Mwezi wa kwanza hatukuongea. Alikuwa na mkono mzito, na alipokuwa akipinda kifundo changu alipitiliza kidogo kila mara. Nagonga, anaachia, lakini sekunde imepita. Mwalimu hakumgombeza. Alimwambia awe uke wangu jioni nzima. Saa moja na nusu mimi ndiye niliyekuwa nikimpinda, na mimi nami, Mungu anisamehe, sikuwa na haraka ya kuachia. Mkono wake ulikuwa mwekundu mpaka karibu na kiwiko.

Baada ya jioni ile sekunde ile ikapotea. Hatukuambiana kitu. Alianza kuachia kabla sijagonga, akiangalia uso wangu, maana uso unasema mapema kuliko kiganja. Siku moja tukiwa tunafunga mikanda aliniambia kwamba kazini watu hawagongi. Mtu akishafungwa pingu kwa nyuma atagonga nini? Inabidi umwangalie usoni. Alisema hivyo kama mtu anayesema mvua imenyesha, akachukua begi lake, akaenda kuwahi daladala la Mbagala.

Haya dada yangu wa Ilala, hujanisahau? Naja kwako.

Usiogope mchezo. Mwanaume mwenye nia ya kuumiza hahitaji somo la Kijapani, kofi halina mwalimu. Uliza maswali haya. Ukumbi anaokwenda, anashikana na nani? Kama ni maaskari watupu, wanaume watupu, nyuma ya ukuta, sina la kukuambia. Kama kuna raia, kuna wanawake, kuna wanaomzidi kwa ujuzi na kumzidi kwa umri, hilo ni jambo lingine. Kisha muombe uende ukaangalie. Kumbi nzuri zina benchi la wageni na hakuna atakayekushangaa. Usiangalie anavyoangusha watu, kila mtu akiwa na mchumba wake benchi anaangusha kwa madaha. Angalia mwenzake anapogonga. Anaachia mara moja, au ana ile sekunde?

Halafu mwangalie nyumbani, bila mkeka. Ukimwambia "hilo neno limeniuma," anaachia, au anamalizia sentensi kwanza? Ukimwambia "leo sitaki," je? Ukimwambia mbele ya rafiki zake "basi, utani umetosha"? Huko ndiko kugonga mkeka kwa wapenzi, na wengi wetu tunagonga kimyakimya kwa miaka, mwenzetu hajui hata kwamba hiyo ni ishara. Mwambieni wenyewe kwa wenyewe ni ipi. Kuna wanandoa nawafahamu, ishara yao ni kugonga meza ya chakula mara mbili. Watoto wao wanadhani ni namna ya kuomba chumvi.

Na kama siku moja umegonga na hakuachia, hapo tumetoka kwenye mchezo, tumetoka hata kwenye uchumba. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na kuwa yeye ni askari hakukufungii mlango ule. Nenda na mtu unayemwamini, na kama umeumizwa nenda hospitali, na uombe pia fomu ya PF3.

Kwa nyinyi wengine mnaotaka kujaribu wawili wawili, maana najua barua zitakuja: msianze kwa kushikana nyinyi kwa nyinyi. Walimu wengi huwatenganisha wapenzi mwezi wa kwanza, na wana akili, kwa sababu ugomvi wa bili ya umeme huwa unaingia ukumbini umevaa kanzu nyeupe. Shikaneni na wageni kwanza. Kateni kucha, mikono na miguu. Dada zangu, hereni na mawigi muache nyumbani, nimeshaona wigi likibaki mkononi mwa mshambuliaji na mwenyewe yuko upande wa pili wa chumba. Na pete ya ndoa vueni, inachana vidole. Ila kubalianeni kabisa nani anazitunza na mfuko gani, msije mkanipigia simu saa mbili usiku mkitafuta pete kwenye daladala la Tandika.

Tukutane mwezi ujao.